Usiku wa Popi na Kichupa cha Shemeji

Mimba ya Popi iliingilia kona ya ukuta, pale masika ya mwaka juzi yalipobomoa matofali na sisi tukawa tunasema tutajenga kesho. Dume la jirani ni jibwa lenye damu ya German Shepherd. Popi ni mbwa wetu wa kienyeji, mdogo, mwembamba wa kiuno, aliyeletwa akiwa mchanga akabaki na jina lake la utotoni. Baba watoto alipotoka na fagio, walikuwa wameshanasana. Mwanangu wa darasa la sita akaiandika tarehe kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni, na mama yangu akampongeza mbele ya watu wote.

Mama ni mkunga mstaafu. Nguvu zake alizimalizia wodi ya wazazi, na tangu ahamie kwetu Kihonda, hapa Morogoro, hajaacha kukitazama kila kiumbe chenye mimba kwa jicho lile lile la kazini. Alinunua daftari la kurasa arobaini, akalipiga mistari, akaandika kwenye jalada: POPI. Mle ndani kila kitu kiliingia: amekula nini, chuchu zimeanza kuvimba lini, siku gani watoto walionekana wakicheza tumboni akilala ubavu.

Siku ya 63 tangu ile tarehe ya kalenda ilipita kimya, na hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wake Baba watoto, alipoanza kuja kila jioni. Ana ng'ombe wa maziwa, na mambo ya mifugo ukooni kwetu huulizwa yeye. "Huyo amechelewa," akasema akiwa amechuchumaa mbele ya Popi. "Mnasubiri watoto waozee ndani? Mimi nina dawa ya uchungu pale nyumbani. Ninayowachoma ng'ombe. Cc moja tu, asubuhi mna watoto."

Nitamtetea shemeji, maana hakusema kwa ujuaji. Aliwahi kumwona ng'ombe wake bora akikaribia kufa kondo likiwa limebaki ndani, na tangu hapo akaamini kwamba uzazi ukicheleweshwa ni kifo. Mama alimjibu kwa upole, "Baba, mwenye kuchelewa ni nani, Popi au kalenda?" Akampigia daktari wa mifugo ambaye huwa anawachanja mbwa wa mtaani kwetu.

Daktari alitueleza jambo ambalo kila mwenye mbwa jike anapaswa kulijua. Siku 63 huhesabiwa tangu yai lilipotoka. Mbegu za dume hukaa hai siku kadhaa ndani ya jike, na yai la mbwa likitoka huhitaji muda kukomaa, kwa hiyo ukihesabu tangu siku ya kupandwa unaweza kufika 57 na unaweza kufika hata 72 bila kuwa na tatizo. Tarehe peke yake haitoshi kumchoma mtu wala mbwa. Akatuagiza tumpime joto asubuhi na jioni. Mbwa mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 hivi, na uchungu ukikaribia joto hushuka chini ya 37.2. Likishuka, mara nyingi ndani ya saa 24 kazi inaanza.

Tukawa tunampima. Mwanangu anashika kichwa na kumnong'oneza, Mama anapaka mafuta ya mgando kwenye ncha ya kipimajoto na kukiingiza nyuma, mimi naandika. 38.4. 38.2. 38.3. Shemeji anatikisa kichwa. Kisha asubuhi moja ya mvua, 36.8, na Popi akaacha ugali wake na dagaa bila hata kuunusa.

Mchana kutwa alihangaika. Alichimba gunia tulilomtandikia stoo, akalikunja, akalitoa, akalirudisha. Akahema, akatetemeka, akasimama kwa Mama, akarudi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: mlango wa kizazi unafunguka taratibu na nje huoni kitu. Huchukua saa sita mpaka 12, na kwa mbwa anayezaa mara ya kwanza inaweza kufika hata saa 24. Ndiyo hatua inayowatesa zaidi watu wanaotazama, na ndiyo hatua ambamo shemeji aliingia na mvua yake, kofia inachuruzika, bomba la sindano mfukoni.

Umeme ulikuwa umekatika. Kwa mwanga wa taa ya chaji alitoa kichupa cha kahawia, kikakaa kwenye kiganja chake kama punje ya kunde. Oksitosini. Dawa hii mwili wenyewe huitengeneza, huko ubongoni. Ndiyo inayokaza mfuko wa uzazi na ndiyo inayoshusha maziwa. Vincent du Vigneaud alifaulu kuiunda maabarani mwaka 1953, akapewa Nobel ya kemia mwaka 1955, na tangu hapo wanawake wasiohesabika wameokolewa nayo wasiishiwe damu baada ya kujifungua. Mama anaiheshimu kuliko dawa nyingine yoyote aliyowahi kuishika. Ndiyo maana alisimama mlangoni mwa stoo akakataa.

"Nisikilize, baba," alimwambia shemeji. "Wodini kwetu, kabla hujamwongezea mama uchungu, unajua njia imefunguka kiasi gani. Unajua mtoto amelalaje. Dawa inapita kwenye dripu, matone yanahesabiwa, na mapigo ya moyo wa mtoto unayasikiliza wakati wote. Ile sindano ya uniti 10 ya paja unayoisikia, hiyo ni baada ya mtoto kutoka, kuzuia damu. Na hata hapo tunapapasa tumbo kwanza tuhakikishe hakuna pacha aliyebaki. Sasa huyu Popi tumbo lake lote ni mapacha. Nani kati yetu anajua wa mbele amekaaje?"

Shemeji akasema cc moja ni kidogo, ng'ombe hupata zaidi. Mama akaomba kichupa, akakisogeza kwenye taa, akavaa miwani. Uniti 10 kwa mililita. Akampigia tena daktari na kuweka simu sauti ya juu ili wote tusikie. Mbwa, akasema daktari, huanzishiwa dozi ndogo sana, mara nyingi chini ya uniti mbili kwa mbwa mzima, na mbwa mdogo hata robo ya uniti. Ukizidisha, mfuko hukaza usiachie. Damu haifiki kwenye makondo, watoto walioko nyuma wanakosa hewa kabla hawajazaliwa, na aliye mbele akiwa amekwama, mfuko unaweza kupasuka na mama akafa naye.

Akauliza pia dawa inatunzwa wapi. "Dirishani, bandani," akajibu shemeji. Oksitosini nyingi hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na Morogoro tunajua joto letu. Daktari akasema kwamba kwa kichupa hicho hata yeye asingejua anachoma nguvu kiasi gani. Shemeji alikirudisha mfukoni, hakuridhika.

Mtoto wa kwanza alitanguliza miguu ya nyuma, na hapo Mama mwenyewe alishtuka, maana kwa binadamu hiyo ni hatari. Daktari akamtuliza kwa simu: kwa mbwa, watoto wengi tu hutanguliza nyuma na hutoka salama. Alitoka kweli, mweusi, ndani ya utando wake. Popi akaurarua kwa meno, akakata kitovu, akamlamba mpaka akalia. Wa pili alifuata kabla hatujamaliza kushangilia. Mwanangu alikuwa analia machozi na kucheka kwa pamoja. Mama akaandika saa ya kila mmoja na alama ya kila kondo lililotoka, akitazama ile saa yake ya kazini anayoibandika kifuani kichwa chini.

Kisha Popi akaanza kusukuma na hakuna kilichotoka.

Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Mkia unainuka, mgongo unapinda, mbavu zinajikaza mpaka unaona kila mfupa, macho yanatoka. Halafu analegea, anatazama nyuma yake, haoni kitu. Tena. Tena. Daktari alikuwa ametuachia mipaka mapema: akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, mleteni. Akipumzika zaidi ya saa mbili na bado kuna mtoto ndani, nipigieni. Uchafu wa kijani kibichi ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza na mtoto asifuate, msingoje kuche. Akitetemeka na kukakamaa, msingoje hata kidogo.

"Sasa je?" shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Si amechoka? Si anahitaji nguvu? Mama, nakuomba."

Mama alimtazama. "Nguvu anazo, baba, unaziona. Kinachokosekana ni njia." Nusu saa ilipotimia kwenye saa ya kifuani hakusubiri dakika ya ziada. Baba watoto akaenda kuita bajaji. Popi tukamweka kwenye beseni kubwa la kufulia, juu ya kanga mbili. Wale wawili waliozaliwa tukawabandika kwenye chuchu, kwa sababu mtoto anaponyonya, ubongo wa mama humwaga oksitosini yake mwenyewe, kwa kipimo ambacho mwili umekizoea. Pembeni tukaweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, maana watoto wa mbwa katika siku zao za mwanzo hawawezi kujipasha joto na baridi huwaua haraka. Shemeji alishika mwavuli juu ya beseni safari nzima, yeye mwenyewe akilowa.

Tulipofika, daktari alivaa glavu, akapaka mafuta ya kulainisha, akaingiza kidole. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akamwita shemeji asogee. "Mtoto amefika kwenye nyonga, lakini kichwa kimegeukia ubavuni. Anasukumwa kwa shingo. Mama anapokaza, anazidi kukwama." Akasubiri uchungu upungue, akamrudisha mtoto nyuma kidogo, akakinyoosha kichwa kwa ncha ya kidole, akangoja uchungu unaofuata na kuvuta pamoja nao, kwa chini. Alikuwa dume, mkubwa kuliko wenzake, baba yake mtupu. Mama alimpokea kwenye taulo. Alimfuta pua, akamsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena, muda mrefu kuliko daktari alivyotarajia. Hakuamka. Mama akamfunika na kumweka pembeni, akageuka kwa Popi bila neno.

Ultrasaundi ikaonyesha amebaki mmoja. Moyo wake ulikuwa ukipiga zaidi ya mara 180 kwa dakika, na daktari akashusha pumzi. Ungekuwa umeshuka kuelekea 150, alisema, angempasua saa hiyo hiyo. Vifaa vya upasuaji vilikuwa tayari mezani. Lakini Popi alikuwa amelegea sasa. Mfuko ulikuwa umechoka kwa kazi ya bure.

Ndipo daktari alipofungua friji yake na kutoa oksitosini. Shemeji aliona, akanitazama mimi, akamtazama Mama. Dawa ni ile ile. Daktari hakuanza nayo. Alianza na kalisiamu, akiipitisha kwenye mshipa polepole huku sikio lake likiwa kwenye moyo wa Popi, maana kalisiamu ikikimbizwa moyo unaweza kusimama. Kalisiamu ndiyo inayoupa mkazo nguvu. Oksitosini huongeza wingi wa mikazo. Mara nyingi kalisiamu na muda kidogo vinatosha. Alingoja. Kisha akavuta oksitosini kwa bomba jembamba la wanaojichoma insulini, kiasi ambacho ilibidi niinamie ili nikione, akachoma. "Njia ni wazi, mtoto ni wa kawaida, moyo ni mzuri," alisema kwa sauti, kama vile anamjibu Mama yale maswali ya mlangoni. "Nikingoja nusu saa bila mtoto, nitafikiria dozi moja nyingine au kisu."

Hakufika huko. Dume mdogo wa rangi ya udongo alitoka akipiga kelele.

Wiki zilizofuata daftari lilijaa: uzito wa kila mtoto kila asubuhi, rangi ya uchafu wa Popi, na kama anatetemeka, maana mbwa anayenyonyesha anaweza kuishiwa kalisiamu damuni na kufa kwa kifafa kama hakuwahiwa. Ukuta umeshajengwa. Popi atafungwa kizazi watoto wakishaachishwa. Baba watoto bado anasita, Mama hasiti.

Shemeji anamtaka yule wa rangi ya udongo. Mama amekubali kumpa, ila kwanza daktari aende bandani kwake awatazame ng'ombe anaowachoma ile sindano kila asubuhi ili washushe maziwa, na yale yote yaliyoko dirishani yatolewe hapo. Daktari anakwenda Jumamosi, na Mama amesema naye atakuwepo.