Mhadhara wa Profesa Asiyepingwa wa Kadutu

Wababa na wamama wa Bukavu, na wewe motari, zima pikipiki, elimu inapita! Mbele yenu amesimama mtaalamu wa kingamwili ambaye chuo kikuu hakikuthubutu kumpa shahada, kwa kuhofia ingeonekana ndogo.

Kingamwili ni protini yenye umbo la Y. Kwenye ncha ya kila mkono ina vitanzi sita, navyo ndivyo vinavyoipapasa antijeni, yaani alama ya mvamizi. Haiulizi kitambulisho wala kabila. Inatafuta kipande kidogo tu cha uso wa kirusi, chenye mabonde na vilima vinavyooana na vyake. Ni kama mama muuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi: humjua mdeni wake kwa kisogo, hata akibadili shati. (Mama, nimekuona. Tutaongea baadaye.) Maumbo yakioana, hakuna gundi: ni mivutano dhaifu, chaji chanya kwa hasi, vifungo vya haidrojeni hapa na pale. Mmoja mmoja hauna nguvu. Ikijumlishwa, kingamwili haibanduki kirahisi.

Mnataka ushahidi? Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, na kuna mtu akapona. Zaidi ya miaka kumi baadaye, damu yake bado ilikuwa na seli zinazokikumbuka kirusi hicho. Watafiti, akiwemo Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya Kongo ya utafiti wa tiba, ambaye hajawahi kuniomba ushauri, wakapata humo kingamwili iitwayo mAb114. Hiyo hushika glikoprotini ya Ebola palepale ambapo kirusi hujiunga na kipokezi NPC1 ndani ya seli. Pakishazibwa, kirusi hakisongi mbele. Katika jaribio la dawa za Ebola lililoanza Kivu Kaskazini Novemba 2018, waliopewa mAb114 walikufa takriban 35 kwa kila 100. Waliopewa ZMapp, dawa nyingine ya kingamwili, takriban 50.

Agosti 2019 Ebola ikafika Mwenga, huku kwetu Kivu Kusini. Siku hizo nilikuwa nikithibitisha, mbele ya kasiksi, kwamba ugonjwa huo ni biashara ya wakubwa. Nilipigiwa makofi. Hadi leo hoja zangu hazijapingwa na yeyote, isipokuwa kirusi, ambacho hakikuhudhuria.

Chanjo, tofauti na mAb114, huuonyesha mwili antijeni mapema, ili kingamwili iandaliwe kabla adui hajafika. Wauguzi wakija mtaani kwenu, nendeni mchana kweupe. Mimi yangu nilichomwa jioni, nikiwa nimevaa kofia, kwa kulinda heshima ya sayansi.