Sifa za Kadi ya Mchango

Bili ya umeme ina wanaoilalamikia na notisi ya mahakama ina wanaoipinga, lakini kadi ya mchango wa harusi ina wanaoikimbia kwa miguu. Didia, kando ya lami itokayo Shinyanga kwenda Tinde, mjumbe wa kamati akionekana na bahasha kwapani, watu wazima hukumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hajarudi zizini. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Karatasi iliyolisha wageni wengi kuliko keki yoyote haijapata hata mtetezi mmoja.

Umbo lake kwanza. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikikatwa katikati mara mbili hutoa kadi 4 za A6, na hakibaki hata kipande cha kufungia karanga. Wajerumani walioupitisha mpango huo wa vipimo mwaka 1922 hawakuwa wakiwaza harusi za Usukumani, lakini ndizo zilizoufaidi. Fundi wa steshenari hupanga kadi zake nne kwenye kompyuta: waridi kona ya juu, pete mbili zilizoshikana kona ya chini, njiwa kwa wanaowataka, na picha ya wachumba iliyong'arishwa mpaka bwana harusi anafanana na mdogo wake. Mapambo yote hayo yana kazi moja tu, kulisindikiza jicho taratibu hadi kwenye namba ya simu ya mweka hazina.

Kabla ya namba kuna heshima. Juu ya nukta anapoandikwa mpokeaji kwa kalamu, kadi hutanguliza vyeo vyote kwa pamoja: Mhe./Prof./Dkt./Mch./Bw./Bi. Hakuna ofisi ya serikali inayompokea fundi baiskeli kwa ukarimu huo. Anaombwa hela, ndiyo, lakini anaombwa akiwa bado anaweza kuwa profesa.

Majina ya wazazi ndiyo yenye kazi. Nani atangulie, baba mzazi au baba mkubwa aliyemsomesha kijana? Marehemu atajwe? Na ole wa fundi atakayesahau ritifaa kwenye jina la Kisukuma lenye ng', maana kazi nzima itarudiwa kwa gharama yake, na shangazi atalisimulia jambo hilo hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza.

Sifa ya pili ni kuwahi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wachumba watoe taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Kadi inaicheka sheria hiyo. Siku 21 kabla ya ndoa mjumbe ameshazunguka mara tatu, ahadi zimeandikwa, na vikao vya Jumapili vimeshagombana kuhusu ukumbi, MC na rangi ya sare. Tena kadi inaijua kalenda ya mifuko kuliko benki. Hungoja mpunga uvunwe na pamba ipate mnunuzi. Kwa ndugu walioko machimboni Geita haina msimu. Inasubiri tu habari kwamba duara limetema, na habari hiyo huifikia mapema kuliko inavyomfikia mke wa mchimbaji.

Wanaodhani mambo yangekwenda sawa bila kadi wautazame mfano wa Shinyanga yenyewe. Oktoba 1947 mgodi wa Mwadui, uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson akaitoa iwe zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa Novemba 20 mwaka huohuo. Ni vigumu kutaja mchango wa harusi mnono kuliko huo kutoka eneo hili. Ila mwenendo wake! Jiwe lilikuja kukatwa mwaka 1948, likabaki karati 23.6, na bruchi ya Cartier lilimowekwa ikakamilika mwaka 1953, bibi harusi akiwa tayari ni malkia na mama wa watoto wawili. Didia, ahadi ya namna hiyo ingepigiwa simu kila wiki.

Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, kisingizio cha kutomwona mjumbe kimekufa. Kadi sasa inakuja ndani ya simu, na chini ya namba imeandikwa jina litakalotokea, ili hela ya harusi isimwangukie muuza vocha. Kwenye grupu la WhatsApp orodha hunakiliwa upya kila mtu anapolipa, alama ya vema mbele ya jina lake, na wasio na alama hujikuta wakisomwa na ukoo mzima mara kumi kwa siku. Kwenye kumbi za mijini mlangoni kuna kijana anayepiga picha msimbo wa QR, kitu kilichobuniwa Japani mwaka 1994 kufuatilia vipuri vya magari. Sasa kinafuatilia kama aliyelipia kadi ya mtu mmoja ameingia na shemeji.

Walalamikaji husema kadi ni nyingi. Ni kweli. Lakini mtu aliyezikwepa kadi tano huwa wa kwanza kuulizia ya sita isipomfikia. Hapo ndipo hasira yake huwa ya kweli: wamemwonaje, hana uwezo? Amewakosea nini? Kuombwa kulimkera, kutoombwa kunamtoa usingizi. Mweka hazina mwenye akili hulijua hilo, na daftari lake halisahau aliyechangia ubatizo wa mwaka juzi wala aliyejibu "nipo msibani" mara mbili.

Harusi ikiisha, kamati hukutana mara ya mwisho ili ivunjwe, na kuvunja kamati nako ni sherehe yenye nyama na soda. Mapato na matumizi husomwa, kisha ahadi ambazo hazijalipwa, kwa sauti ya chini kidogo maana wengine wapo mezani. Mwenyekiti hushukuru. Halafu mjumbe mmoja huomba dakika mbili kabla watu hawajatawanyika: mdogo wake anaoa Desemba.