Kipele cha Ndevu Kipewe Kiti

Karibu kila kero ya dunia imepata mtu wa kuisemea. Lucian wa zama za Warumi alimsifia nzi. Synesius, aliyekuja kuwa askofu huko Libya, alisifia upara, tena akiwa na wa kwake wa kuutolea ushahidi. Kipele cha ndevu hakijapata mtu. Kinachopata ni spiriti, ndimu, dawa ya meno na ncha ya pini. Basi nitakisemea mimi, kwa sababu kimojawapo kinaishi chini ya taya langu la kushoto, vidole viwili kutoka kwenye koromeo, na tumefahamiana tangu mshahara wangu wa kwanza.

Mwenye heshima hutajwa kwanza kwa ukoo. Madaktari wanakiita kwa jina refu lililochanganya Kigiriki na Kilatini, na mwanzoni mwa jina hilo wameweka neno lenye maana ya uongo, eti kwa kuwa kinafanana na vipele vinavyoletwa na vijidudu ilhali chanzo chake si vijidudu. Ni tusi hilo. Mtu aliyewahi kufunga tai juu yake hawezi kukiita cha uongo.

Chanzo chake ni udevu wako mwenyewe. Udevu wa mwenye nywele za kipilipili hauoti wima kama mnazi. Shimo unamoota limepinda, nao hutoka umepinda, na ukiachwa uendelee hujikunja kama springi. Ukiuacha hauna neno na mtu. Ukiukata, wembe unaubakishia ncha kali ya mshazari, na unapoota upya unainama, unatoboa ngozi na kuingia ulikotoka. Upo na mwingine ambao hata nje hautoki: uliivuta ngozi wakati wa kunyoa, ukaiachia, udevu uliokatwa ukazama, sasa unapokua unatoboa ukuta wa shimo lake mle mle gizani. Mwili unadhani umechomwa mwiba, unatuma askari. Mkusanyiko wa hao askari ndio kipele.

Hebu utazame uaminifu huo. Wangapi tumewafukuza majumbani mwetu wakaenda zao, na salamu hawatumi? Udevu umefukuzwa kwa chuma, tena mlangoni, mbele ya kioo, na bado unarudi kwa kutoboa ukuta. Chunusi ni ya msimu kama embe: inakuja ujanani, inakuharibia picha za shule, inaondoka. Kipele cha ndevu kinakuja siku unayoanza kujiona mtu mzima, na hakina mpango wa safari.

Wanakilaumu kwa upendeleo. Ni kweli kina upendeleo, ila kwa mara moja upendeleo umeelekea kwetu. Vitabu vya tiba ya ngozi vinataja kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi kuwa wamewahi kukipata. Wenye nywele za kunyooka kinawapitia mmoja mmoja, kama mgeni aliyekosea nyumba. Katika dunia ambayo mengi mazuri yanatufikia baada ya wengine kushiba, hiki kimetuanza sisi. Na dada zetu hakikuwasahau, waulizwe makwapa yao.

Kina na historia ya mahakamani. Kule Nebraska, Marekani, mfanyakazi mmoja mweusi wa duka la piza alifukuzwa kazi kwa kutonyoa ndevu, naye ngozi yake haikuruhusu wembe. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, na mwaka 1993 majaji wakasema sheria ile ya kidevu kisicho na ndevu kwa wote iliwaumiza wanaume weusi zaidi, na mwajiri hakuonyesha ulazima wake. Majenerali nao kimewasumbua. Jeshi la Anga la Marekani lina kibali cha daktari cha kumruhusu askari asinyoe, na mwaka 2020 muda wa kibali hicho uliongezwa hadi miaka mitano, ingawa siku hizi upepo umegeuka tena. Jeshi lenye ndege zisizoonekana kwenye rada limekaa vikao kwa ajili ya kitu chenye ukubwa wa punje ya mtama. Nani mwingine wa kimo hicho amefanya hivyo?

Kuhusu wapinzani wake, nadhani wamekitendea wema bila kujua. Mwaka 1903, King Gillette alipoanza kuuza mashine yake ya kunyolea, aliuza 51 pamoja na nyembe 168. Wembe ulikuwa mmoja. Mwaka 1971 kampuni ikaweka nyembe mbili pamoja, mwaka 1998 tatu, mwaka 2006 tano. Hesabu yao ni hii: wembe wa kwanza unaushika udevu na kuuvuta, wa pili unaukata kabla haujarudi, kisha uliobaki unazama chini ya ngozi na kidevu kinateleza kama yai. Mwenye nywele za kunyooka anashukuru. Kwetu sisi huko ni kukichimbia kipele msingi, kukipandishia ukuta na kukikabidhi funguo. Kadiri unavyonyoa karibu ndivyo kinavyostawi. Kinachokichukiza ni kidevu kilichobakizwa kidogo, na mimi jambo hilo limenichukua miaka kumi kulielewa.

Miaka hiyo kumi niliitumikia ofisi moja iliyopenda videvu vinavyong'aa. Saa kumi na moja alfajiri, taa ya bafuni inawaka na kuzima, maji baridi ya ndoo, sabuni ya kipande ile ile ya kuogea, na wembe wa kutupa ambao sikuwahi kuutupa. Nilipitisha juu kwenda chini, chini kwenda juu, kisha kwa ubavu, nikijipapasa kutafuta udevu uliojificha. Ngozi naivuta kwa vidole viwili kama anayetandika shuka. Waswahili wana usemi kwa mtu aliyetendwa vibaya: kanyolewa bila maji. Mimi nilinyolewa bila maji kwa maana zote mbili, na aliyeninyoa ni mimi.

Kufika mwaka wa tatu shingo yangu ilikuwa ganda la fenesi. Mashati meupe yalikuwa na vitone vya damu kwenye kola, vyekundu asubuhi, vya kahawia jioni. Nilijaribu ndimu, nikapiga kelele hadi nyumba ya pili. Nikajaribu dawa ya meno, nikaenda kazini shingo ikinukia mnanaa. Nikanunua ile poda ya kunyolea ambayo unaikoroga na maji, unapaka, unasubiri, unakwangua. Nitaisema vizuri, maana kazi inafanya: salfidi ya bariamu iliyomo inaulainisha udevu mpaka unakatika wenyewe, na ncha inayobaki ni butu, haitoboi. Lakini ukiizidisha dakika inababua, na harufu yake ni ya yai viza. Jirani alibisha hodi kuuliza kama choo chetu kimeziba.

Aliyenipatanisha na kipele ni kijana mmoja mwenye kibanda cha saluni Mwananyamala. Nilikwenda kwake Jumamosi nikitaka anitoe zote kwa wembe. Kabla ya kunigusa alimimina spiriti kwenye meno ya mashine, akawasha kiberiti; moto wa buluu ukatambaa juu ya chuma, ukalamba pembe zote, akaupuliza. Kisha akaniinua kidevu kwa kidole kimoja na kunyamaza kwa muda. Yeye mwenyewe alikuwa na ndevu nene zilizochongwa vizuri. Kinyozi hajinyoi, wanasema, nami siku zote nilidhani ni kwa sababu mkono haufiki kisogoni. Pale kitini nikaanza kuhisi kuna sababu nyingine.

"Anko," akasema, "hizi ndevu umezionea. Leo hapa wembe hapana."

"Kwani nakulipa ufanye nini?"

"Unanilipa nizibakize."

Akazipitia kwa mashine bila kuikandamiza, akaacha kama milimita moja. Akaniagiza nikae wiki tatu nne bila wembe wowote, na pini nisiishike kabisa. Zile zilizozama, akasema, zikirefuka zitajinyofoa zenyewe. Na kweli: udevu ukikaribia sentimita moja, ile springi yake inapata nguvu ya kujivuta kutoka kwenye ngozi. Siku ya kumi na tisa, nikiwa kwenye daladala, nilijipapasa shingo nikakuta kitanzi kidogo kimefunguka upande mmoja. Nilitamani kumwonyesha abiria wa pembeni.

Ndipo nikaanza kusoma ramani ya shingo yangu, jambo ambalo ningetakiwa kulifanya nikiwa na miaka ishirini. Unaziacha ndevu siku mbili, unapitisha kiganja: kunakoteleza ndiko ziendako, kunakokwaruza ndiko zitokako. Upande wangu wa kulia zinashuka. Wa kushoto zinapanda kuelekea sikioni, kama zimesikia jambo huko. Maana yake ni kwamba kila asubuhi, kwa miaka kumi, upande wa kushoto niliuanza kinyumenyume nikidhani nafuata mkondo. Kipele kilikuwa kinanipigia kelele mahali pale pale na mimi nikakijibu kwa ndimu.

Sasa nikilazimika kunyoa, nanyoa kama ninayeomba ruhusa. Ile methali ya mwenzio akinyolewa zako tia maji, tuliyofundishwa kuwa inahusu kujihadhari, mimi siku hizi naisoma kama cheti cha daktari. Maji ya vuguvugu dakika mbili tatu: udevu unayanywa, unavimba, unalainika, na wembe hauhitaji kusukumwa. Povu jingi. Wembe mmoja tu, mkali, wa juzi si wa mwaka jana. Ngozi siivuti. Mkono mwepesi, kufuata ziendako, mara moja, na kinachobaki kinabaki. Maji baridi, kisha kipande cha shabu iliyoloweshwa, ile ile waliyoitumia wazee wa pwani kabla ya chupa za manukato. Inachonyota kidogo, inakausha. Mikwaruzo ya jioni ninayoisikia kwenye kiganja ni kodi ninayomlipa mwenyeji wangu wa chini ya taya, naye amepunguza makali.

Na amenipa cheo. Tangu nianze kuachia ndevu, muuza nyama wa mtaani ananiita ustadhi na kunichagulia steki bila mifupa. Jirani wa ile harufu anataka nimsuluhishe na shemeji yake. Sijamwambia mtu yeyote kwamba elimu yangu yote ya dini ni madrasa ya utotoni niliyokuwa natoroka, na kwamba heshima hii inatoka kwenye kipele.

Ukweli ni kwamba sifa zangu zina mpaka. Vile vya kisogoni, vinavyogeuka vigumu, vikaungana na kuota makovu ya kuvimba, hao ni ukoo mwingine na siwasemei. Mwenye navyo amwone daktari wa ngozi mapema, asingoje mpaka kola ishindwe kukaa. Wataalamu wapo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992, kuna kituo kinachowafundisha kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Hata changu cha chini ya taya kimeacha doa jeusi, kama mhuri wa ofisi ile ile iliyopenda videvu vya kung'aa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale kibandani nikingoja zamu. Kitini alikaa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati jipya, mfuko wa karatasi mapajani wenye vyeti vyake. Ana usaili Jumatatu, saa nne. Alitaka zitoke zote, kidevu king'ae.

"Broo, tuziache kidogo," kinyozi akamwambia. "Nakuchonga zinakaa safi."

"Toa. Weka wembe."

"Shingo yako hii itakusumbua."

"Kaka, wembe."

Nikaona niingilie kama mtu mzima. Nikamwambia, "Mwanangu, walau atie maji ya moto kwanza." Akanitazama ndevu zangu kupitia kioo, kwa adabu, kama anayemtazama mzee aliyetoka shamba. Kinyozi naye akanitazama. Mtoto akililia wembe, mpe. Akachana karatasi, akatoa wembe mpya, akaivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, maana kijana alisisitiza ziishe kabisa.

Alipoondoka kidevu kilikuwa kinateleza kweli, kinawaka kwa spiriti, na alijipapasa mara tatu kabla hajafika barabarani. Nikakaa kitini, nikahesabu kwa vidole chini ya kitambaa: Jumamosi mchana, Jumapili mchana, Jumatatu saa nne. Wakati ule watakapomuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano, kitakuwa ndiyo kwanza kinabisha hodi.