Msimu Mpya, Fumbo Lile Lile

Tabora siku hizi usimpigie simu mtu ambaye tamthilia yake ya upelelezi inakaribia msimu mpya. Yuko bize kurudia ya nyuma, tangu sehemu ya kwanza, na kila dakika anasimamisha picha: "Hebu muone yule mhudumu, kikombe kakishika mkono gani?" Muuaji mwenyewe anamjua tangu mwaka juzi. Mpya ikianza ndiyo balaa: saa tatu usiku anatazama ya leo, saa nne anairudia ya kale kuhakiki. Wali umepoa, shemeji kanuna.

Kama ni kurudia, mji huu una yake. Novemba 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, wakisaka maziwa ya bara. Mwaka uliofuata Speke akaenda kaskazini bila mwenzake, akarudi akidai kapata chanzo cha Nile. Septemba 1864, siku moja kabla ya kubishana na Burton hadharani, akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Ajali? Watazamaji bado wanagombana. Wapelelezi wengine wakafuata: mwaka 1871 akaja Stanley, 1873 Cameron.

Sasa tazama pembeni ya picha. Misimu yote yumo Sidi Mubarak Bombay, akiongoza wapagazi na kutafsiri. Speke alimpiga ngumi, Stanley akamcharaza, na msafara ujao huyo, kaajiriwa tena. Kwenye bango jina lake halimo, ila wakubwa walibadilishwa wote, yeye akabaki.