Maji Hayasomi Ratiba

Kijana wa Mombasa huizungumzia bahari kwa sauti ya mtu mwenye hati ya kiwanja. Amezaliwa akiisikia dirishani, simu yake imejaa picha zake, na mgeni wa bara akiuliza samaki yupi mtamu hujibiwa kabla hajamaliza swali. Ila mwulize kijana huyohuyo mkoko na mchu vina tofauti gani, au mkeka anaoukalia umesukwa kwa majani ya mti upi, uone atakavyotazama pembeni. "Hayo mambo ya wazee, Mama."

Kwa hiyo niliposikia kwamba kikundi cha vijana wa mtaani kwetu, hapa Kisauni, kinakwenda Kwale wikendi nzima kujionea sanaa, kazi za mikono na mazingira ya pwani, niliwaombea safari njema nikarudi kwenye mchicha wangu. Kumbe wazazi wa wasichana wameshaweka sharti: bila mtu mzima, hakuna mtoto wa mtu atakayevuka Likoni. Mtu mzima aliyeonekana barazani jioni ile ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo cha mlezi, cheo kisicho na mshahara wala posho wala nafasi ya kukikataa.

Katibu wa kikundi anasomea usimamizi chuoni, na ratiba yake ilionyesha kwamba karo haikupotea. Ilikuwa na jedwali, rangi na dakika. Saa 2:15, kuvuka Likoni. Saa 3:00, chai Diani. Saa 3:40, Kaya Kinondo. Saa 5:10, kupiga picha. Saa 6:30, kupanda mikoko Gazi. Nilimwuliza hiyo saa sita na nusu amekubaliana na nani. Akasema amepiga hesabu kwenye ramani ya simu, na kutoka mjini mpaka Gazi ni kama kilomita 50 tu. Nikaikunja ratiba nikaitia mkobani. Kazi ya mlezi ni kulea, si kubishana na jedwali.

Jedwali lilidumu mpaka kivukoni. Abiria walishuka, basi likaingia feri na watu wakavuka kwa miguu. Basi likavuka, sisi tukavuka, na mpiga picha akabaki upande wa kisiwani, amesimama kwenye karai la viazi akingojea chenji. Feri iliyofuata ilimleta na mfuko wa viazi na maelezo mengi. Viazi tulivipokea.

Diani tulisimama chini ya miti tunywe chai na mahamri. Barabara ya Diani ina vijia vya kamba na ngazi vilivyotundikwa juu, kutoka mti wa upande huu hadi wa upande ule, ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Mbega wana staha zao: wanakula majani, wanakutazama kutoka juu na ule mgolole mweupe mabegani, hawana shida na mtu. Kima ndio wenye shida na mtu. Kima mmoja alishuka taratibu, akapita kando ya sinia la mahamri bila hata kuligusa, akakwapua mkoba wa mweka hazina, akapanda nao.

Tulipiga kelele, tulirusha kandambili, katibu akatoa hotuba. Kima aliufungua mkoba kwa utulivu wa karani wa benki. Bahati nzuri pesa zilikuwa mfukoni mwa mweka hazina. Risiti ndizo zilizokuwa mkobani: risiti za mchele, za mafuta ya kupikia, za malipo ya awali ya basi, za fulana zilizochapishwa jina la kikundi. Alizichukua mojamoja, akaonja pembe, akatema, akachana. Vipande vilitushukia vichwani. Nimekaa kwenye vyama vya akina mama tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimesikia risiti zilizolowa, zilizofuliwa ndani ya suruali, zilizochukuliwa na mtoto mchanga. Risiti zilizoliwa na kima mbele ya mashahidi ishirini na ushee, hiyo sikuwahi. Mweka hazina aliangua kilio, lakini mimi niliyekuwa karibu niliona kwamba kilio kile kilikuwa na utulivu fulani ndani yake.

Kaya Kinondo hapaingiwi kiholela. Ni mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Zamani kaya zilikuwa vijiji vilivyojificha katikati ya msitu. Watu walipohama, msitu ukabaki na makaburi na mahali pa matambiko, chini ya ulinzi wa wazee wa kaya, na ndio maana miti yake ina unene ambao huuoni tena mahali pengi pwani. Mlangoni kila mmoja alifungwa kaniki nyeusi kiunoni, mwanamume na mwanamke. Mwongozaji, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, akatoa masharti: hakuna kupayuka, hakuna kuvunja tawi, hakuna kutoka na kitu chochote cha msituni, hakuna kubusiana. Kwenye hilo la mwisho mwenyekiti na mweka hazina walitazamana, kisha wakatazama chini, nami nikapata habari ambayo wazazi mtaani hawakuwa nayo.

Humo ndani walitulia kuliko nilivyotarajia. Walikumbatia mti mmoja mkubwa, walisikiliza ni gome gani la homa na ni jani gani la tumbo, na simu zilikaa kimya. Balaa lilikuja wakati wa kutoka. Tumeshavua kaniki, dereva ameshawasha gari, msichana mmoja akamwambia mwenzake, "We, una jani kichwani." Kweli, kwenye nywele za yule kijana, nywele nyingi za kusimama, kulikuwa na jani dogo la kijani.

Mjadala uliozuka pale ungefaa bunge. Katibu akasema hilo ni wizi. Mwenyekiti akasema wizi lazima uwe na nia. Mwingine akasema labda jani ni la mti wa barabarani, nani ana ushahidi. Kijana mwenyewe hakuwa na nguvu za kujadili. Jasho lilimtoka, hakuthubutu kulitoa jani wala kuliacha, shingo ameikaza asilidondoshe nje ya mpaka. Mwishowe aliomba kaniki, akafungwa upya, akarudishwa ndani kwa mwendo wa bibi harusi mpaka penye mti ule, akainama, jani likaanguka. Mwongozaji alimsindikiza kwa heshima zote. Aliporudi nje tu alijiegemeza kwenye ua akacheka mpaka akafuta machozi kwa ile kaniki.

Gazi tukafika saa saba na robo. Katibu alishuka na ratiba yake, tayari kuomba radhi kwa kuchelewa, akakuta mahali pa kupandia mikoko hapapo. Kulikuwa na bahari. Vichwa vya miti vimetokeza juu ya maji na mtumbwi mmoja unapita katikati yake. Akina mama wa kikundi cha pale, wenye njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, walimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, saa sita na nusu ulipanga na nani?"

"Nilipanga... kwa ratiba, Mama."

"Maji hayasomi ratiba. Kaa ule."

Mtoto wa bahari huyo, hati ya kiwanja mkononi, alikuwa hajui kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku husogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo saa ya jana siyo ya leo. Sikumlaumu sana. Mjini kwetu bahari ni kitu cha kutazama, na ukitazama kutoka ukutani inaonekana ipo tu.

Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukapita kwenye ile njia ya mbao tukionyeshwa mkoko wenye mizizi iliyosimama kama miguu, mchu wenye vijiti vinavyochomoza kutoka topeni, mkandaa ambao maganda yake hutumika kutia rangi na kusindika ngozi. Wakatusimulia kuhusu Mikoko Pamoja, mradi wao wa kutunza hekta 117 za mikoko, ambao tangu mwaka 2013 unauza kaboni kwa watu wa mbali, na pesa zinaingia kwenye maji ya bomba na shule za kijiji.

"Kwa hiyo mnauza hewa?" akauliza mpiga picha.

"Tunauza hewa chafu ambayo haikwenda juu," mama mmoja akamjibu.

Akawaza. "Yaani mnalipwa kwa kitu ambacho hakikutokea?"

"Ndiyo."

Niliona macho ya mweka hazina yaking'aa, nikamkonyeza aache hapohapo.

Jioni maji yakatoka, na hapo ndipo mkoko ulipoanza kualika maua. Tope la Gazi halina mzaha. Vijana walikuwa wamekuja na raba nyeupe, maana picha ni picha, na walipoambiwa wavue walivua nusu yao. Mwenyekiti alitangulia ili aongoze kwa mfano. Hatua ya kwanza ilimfika kifundoni, ya pili magotini, ya tatu haikuwepo. Alisimama pale akipunga mkono, nasi tukadhani anatuita. Kitoto cha kijijini, cha miaka minane hivi, kilimpitia pembeni kikikimbia juu ya tope lilelile, kikageuka kikamwambia, "Kaka, usisimame. Ukisimama linakupenda." Wanaume wanne walimvuta. Yeye alitoka, raba moja ikabaki. Wakazamisha mikono kuitafuta, wakapapasa, wakashangilia, wakaibua kandambili ya kike ya rangi ya zambarau ambayo hakuna aliyejua ni ya nani wala ni ya mwaka gani.

Kupanda kwenyewe ni rahisi kuliko kusimama. Mche wa mkoko hukua ukiwa bado umening'inia mtini, mrefu, wa kijani, umechongoka upande mmoja. Unauchomeka topeni, basi. Mtu wetu mmoja alifanya kazi kwa bidii peke yake, akamaliza mstari mzima ulionyooka vizuri, akaita watu waje waone. Mama wa kikundi akautazama mstari ule, miche yote imesimamishwa kichwa chini. "Ahsante," akasema. "Hii umewapandia majini wa chini huko. Sasa tupandie na sisi."

Usiku tulichezewa sengenya ya Wadigo, na vijana wetu, ambao mtaani hucheza mpaka majirani wapige simu polisi, walishindwa kuufuata mdundo. Mbu waliufuata vizuri.

Jumapili ilikuwa ya kazi za mikono. Wavulana walipelekwa kushona makuti na wasichana kusuka ukili. Hivyo ndivyo katibu alivyopanga, na hivyo ndivyo wenyeji walivyovuruga, wakasema kila mtu ashike kila kitu. Ya makuti sitayasema mengi. Jani la mnazi linakunjwa kwenye fito, linashonwa, linafuata jingine, na mzee aliyewafundisha aliyapokea yao moja baada ya jingine akiyaweka kando, "ya banda la kuku."

Ukili nilikaa nikautazama mwenyewe. Bibi aliyetufundisha alinyoosha miguu mkekani, ncha ya ukili ameibana kwa kidole gumba cha mguu. Miyaa, yaani majani ya mkoma, ilikuwa imeanikwa mpaka ikapauka, ikachanwa nyembamba. Mingine imechemshwa kwa rangi ikatoka ya zambarau na ya kijani. Alilowesha vidole kwenye bakuli, akakunja jani la kushoto, akalipitisha chini ya moja na juu ya jingine, akaongeza jipya pale lililotangulia lilipokwisha, na ukili ukatoka bapa, kingo zimenyooka, huku yeye anatusimulia ya harusi moja ya Msambweni na wala hatazami mikono yake. Vijana walijaribu. Ukili wa katibu ulianza na upana wa vidole vinne ukaishia mkia wa panya.

Aliyeweza ni mpiga picha. Aliweka kamera chini, akashika miyaa, na vidole vikaenda vyenyewe. Wenzake walikodoa macho. Alipobanwa sana akasema kwa sauti ndogo kwamba ana dada watano, na nyumbani kwao zamu ya kusuka nywele hupita kwa kila mtu. Bibi aliukagua ukili wake, akauvuta, akaupima kwa mkono. "Umeoa?" Hajaoa. "Basi kaa karibu, mjukuu wangu analeta chai." Mpaka saa nane hatukumpata tena, na picha zote za Jumapili alizipiga mwenyekiti, ndiyo maana katika nyingi yanaonekana magoti tu.

Baadaye ikaja biashara. Kulikuwa na mkeka mkubwa wa rangi, kikundi kikautaka, na katibu akaanza kuomba kupunguziwa kama tulivyozoea Marikiti. Bibi hakukasirika. Alimwomba tu aulete ule ukili wake aliousuka tangu asubuhi, akaunyoosha: haukufika nusu pima. Kisha akamwonyesha mkeka, pima juu ya pima zimeunganishwa kwa shazia. "Hesabu wewe, msomi." Katibu alihesabu kidogo, midomo ikicheza, akatoa pesa zote alizotajiwa. Mimi nilitazama bahari nisionekane nikicheka.

Mkutano wa kupokea ripoti ulifanyika barazani kwangu. Mweka hazina alisoma matumizi kwa sauti thabiti, na penye vielelezo akasoma: "vimeliwa na kima, mashahidi wapo." Tukainua mikono, ikapita. Shida ilikuwa mkeka. Kila mmoja alitaka ukae kwao, mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti, mpiga picha kwa sababu sasa ni fundi, na walibishana mpaka mtu mmoja akasema bora ukae kwa mlezi, mahali pasipo na upande. Unakaa kwangu. Kila Ijumaa kamati huja kuukagua kama umetunzwa, na ukaguzi huo huanguka saa ileile ninapopakua pilau.