Presha ya Watu wa Juu

Watu wakisikia unajenga watakuuliza yote: bati la msauzi au vigae, madirisha ya mbao au alumini, kiwanja ulikipata kwa bei gani. Haja kubwa itaelekea wapi, hakuna anayeuliza. Hata mchoraji ramani, fundi wa watu na kalamu yake, sebule aliichora mpaka makochi. Mabomba ya majitaka akayamaliza kwa mstari mmoja wa nukta.

Mstari wenyewe ulikuwa unapanda mlima.

Kiwanja kiko Goba, kule kwenye vilima, na kinateremka kutoka barabarani. Ukisimama getini unaona nyumba ya kawaida ya chini. Ukisimama bondeni kwa jirani unaona ghorofa. Ile sehemu ya chini, iliyochimbiwa kilimani, wajuzi wanaiita besimenti. Mke wangu anaiita chumba cha mama, yaani mama yake, na chumba cha mkwe bila choo cha ndani ni matusi.

Karo lilichorwa getini, kwa sababu nzuri tu. Mtaani kwetu, kama mitaa mingi ya Dar es Salaam, hakuna bomba la majitaka la umma, kila mtu na shimo lake, na likijaa unaita gari la kunyonya. Gari lazima lifike. Ila getini ndiko juu, na choo cha mama mkwe kiko chini ya mdomo wa karo kwa karibu mita 2.

Nikamuuliza fundi bomba, maji yatapandaje?

“Usiwe na wasi, bosi,” akasema, huku akibandua gundi kavu kwenye kidole gumba. “Presha itayasukuma.”

“Presha gani?”

“Si ya watu wa juu!”

Presha ya watu wa juu ndiyo hasa iliyokuwa inaninyima usingizi. Bomba likiziba, au karo likijaa, majitaka hayarudi kwa mwenye nyumba kumwomba radhi. Yanatafuta tundu lililo chini kuliko yote ndani ya nyumba na kutokea hapo. Katika ramani yetu tundu hilo ni lile la bafuni kwa mama mkwe. Mimi huku juu navuta maji nikipiga mluzi, yeye kule chini anayapokea akiwa na povu la sabuni usoni. Ndoa zimevunjika kwa madogo zaidi.

Fundi akaona namdharau, akataka kunithibitishia. Alishalaza kipande cha bomba la inchi 4 mtaroni. Bomba la namna hiyo linataka lishuke kama sentimita 1 kwa kila sentimita 40, hivyo mita 18 zinakula sentimita 45 nzima. Pima maji anayo, imefungwa vizuri kwenye gazeti, isiharibike. Yeye hupima kwa jicho, tena moja, la pili amelifumba. Akamimina ndoo ya maji. Maji yakaenda mpaka katikati, yakasita, yakageuka, yakamlowesha kandambili.

“Bomba bado jipya,” akasema.

Tukafikiria kulipeleka karo bondeni. Mteremko huko ni wa bure. Lakini jirani wa bondeni ana kisima, na shimo la kunywesha majitaka ardhini halitakiwi kukaribia kisima chini ya mita 30; sisi mita 30 hatuna hata tukizikopa. Na gari lingebaki barabarani, mpira wake ukipita koridoni mbele ya wageni.

Fundi alikuwa na la ziada: tubane matumizi, turuke ile shingo iliyopinda chini ya sinki la jikoni na masinki ya bafuni. Hapo nilikataa katakata. Mwaka 1775 fundi saa wa London, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopinda, maji kidogo yakabaki kwenye pindo na kuzuia harufu isirudi ndani. Sentimita kama 5 za maji, basi, ndizo zinazotutenganisha na karo. Tena chumba kisipotumika muda mrefu maji hayo hukauka, ndiyo maana bafu la wageni hunuka siku ile ile wageni wanapofika. Mama mkwe huja mara moja kwa mwaka.

Mwishowe tukamwita injinia. Akaamua majitaka ya juu yashuke yenyewe mpaka karoni, kwa bomba lake, na chini kuwe na kishimo cha lita 200 na pampu ya kusukuma majitaka hadi juu, yenye kizuizi ili yaliyopanda yasirudi. Tukashukuru. Mama mkwe, aliyekuja kuona mjengo, alikuwa amekaa juu ya tofali, khanga mabegani, anasikiliza.

“Na umeme ukikatika, baba?”

Injinia akapiga hesabu: kuvuta maji mara moja ni lita 6 hadi 9, kwa hiyo kishimo kinavumilia mara ishirini hadi thelathini hivi. Bila kuoga.

Mama akatafakari. Akasema yeye ni mtu mzima, ngazi zinamchosha, atalala huku juu, kile chumba chenye dirisha la upepo. Chumba hicho ndicho chetu. Nikamgeukia mke wangu anitetee, nikamkuta anamuuliza injinia jenereta la kuendesha pampu linauzwaje.