Flashi ya Wifi

Kompyuta ya mume wangu ina cheo katika nyumba hii. Imewekwa sebuleni hapa Ngamiani, pembe isiyopigwa na upepo wa bahari, na imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama mkwe kwa mkono wake, maana chumvi ya Tanga haibagui friji wala redio. Ni Dell ya mtumba, Core 2 Duo, RAM gigabaiti 2, na ndani yake Windows 7. Watoto hawaigusi bila ruhusa. Mie nikipita na kitambaa cha vumbi naambiwa, "Taratibu, mama, hiyo si kabati."

Hazina iliyomo ni taarabu. Marehemu baba mkwe aliacha sanduku la kaseti za Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huu vilivyoitia taarabu gitaa na besi, na sauti ya Bi Shakila ikasambaa ukanda huu wote wa pwani. Kaseti zilianza kunata na kukwaruza. Bwana akaunganisha redio na kompyuta kwa waya, akawa anazihamisha moja baada ya nyingine, upande A na upande B, usiku watu wakiwa wamelala ili mbuzi wa jirani asirekodiwe. Habari zikaenea. Sasa kila harusi inapokaribia, kuanzia Makorora hadi Pongwe, hodi hazikatiki: "Shemeji, tumekuja tuwekewe nyimbo." Na kila mgeni ana flashi yake mkononi.

Tarehe 14 Januari 2020 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7. Bwana akasikia, akashusha pumzi kama mtu aliyefutiwa deni. Apdeti kwake ilikuwa mwizi wa bando: unanunua kifurushi cha wiki, mashine inajishushia mambo yake usiku kucha, asubuhi huna hata cha kufungulia barua pepe. Alikuwa ameshazizima zamani, tangu enzi za modemu za kuchomeka. Kwa hiyo waliposema hawaleti tena, yeye aliona wamechelewa tu kukubaliana naye.

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, anayesoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam, alijaribu kumtisha. Alimsimulia habari za WannaCry, kile kirusi cha tarehe 12 Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, kikawataka walipe dola 300 kwa bitcoin, na hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. "Na dawa yake ilikuwa imeshatolewa miezi miwili kabla, Mjomba. Mwezi wa tatu. Walioumia ni wale ambao hawakuweka apdeti, na wengi walikuwa na Windows 7 kama yako."

"Mie sina hospitali," akajibu Mjomba mtu. "Nina taarabu. Nani atateka taarabu?"

Mwanzoni mwa 2023 Chrome nayo ikaachana na Windows 7, toleo la 109 likawa la mwisho. Bwana hakujua, na sidhani angejali.

Sasa nimfikie wifi yangu. Wifi huyu ndiye dada mkubwa wa bwana, mama wa huyohuyo kijana wa Dar, na binti yake alikuwa anaolewa. Flashi yake ilikuwa na safari nyingi kuliko basi la Horohoro. Ilianzia steshenari, kadi zilikochapwa. Ikaenda kwa mpiga video. Ikakaa kwa kijana wa muziki, ikaazimwa na mwalimu mmoja jirani akachapishie mitihani, ikarudi. Siku ya hina wifi akaingia kwetu amejifunga kanga mpya, sahani ya biriani mkono mmoja, flashi mkono mwingine. Biriani tukaipokea. Flashi nayo tukaipokea, maana utamwambiaje dada wa mumeo, aliyekulea wewe bi harusi ulipoletwa nyumba hii, kwamba kifaa chake kinatia shaka?

Mama mkwe akataka kuona picha za hina. Bwana akachomeka. Kumbe folda zote kwenye ile flashi zilikuwa na mshale mdogo pembeni, yaani hazikuwa folda bali shotikati, na nyuma ya kila moja amejificha mdudu. Mpwa alikuja kutueleza baadaye kwamba Windows 7, kwa uzee wake wote, hairuhusu flashi ijiendeshe yenyewe. Lazima mtu abonyeze. Bwana alibonyeza, kwa heshima zote za ukaribisho. Picha zikafunguka vizuri tu, tukashangilia miguu ya bibi harusi, na mdudu naye akawa ameshavua viatu.

Kesho yake akafungua hazina yake. Hakuna Black Star, hakuna Lucky Star. Shotikati tupu.

Sijapata kumsikia mume wangu akitoa sauti ile, hata Coastal Union walipofungwa pale Mkwakwani. Mama mkwe akatoka chumbani na tasbihi, akasema hilo ni jicho la hasidi na analijua linatoka nyumba gani. Wifi akapigiwa simu, akaapa kwamba flashi yake ni safi, imenunuliwa dukani na risiti ipo. Mtoto wa kati, ambaye hujua yasiyomhusu, akaitaja antivairasi: ilikuwepo, bwana aliiweka mwenyewe, ya kukraki, na haikuwa imejua kirusi kipya tangu siku hiyo.

Akaitwa fundi wa mtaani. Akaitazama mashine kidogo, akatoa hukumu wanayoitoa mafundi wote: "Hapa tunapiga window, mzee."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo zinaondoka. Ila mashine itakuwa nyepesi."

Mama mkwe akasimama mbele ya kompyuta na kanga yake. Sauti za kaseti zile zilikuwa za mumewe pia. Upande B wa moja yao mzee anasikika akikohoa na kuomba chai. Fundi akapewa nauli na biriani kidogo, akaenda zake.

Mpwa akaja na basi la usiku, kwa ajili ya harusi ya dada yake kwanza, kompyuta baadaye. Hakuiwasha kwa Windows. Alichomeka flashi yake iliyokuwa na mfumo wa Linux, mashine ikaamkia humo, na nyimbo zote zikajipanga kwenye kioo kana kwamba hazijawahi kwenda popote. Hazikuwa zimefutwa. Mdudu wa aina hii huyaficha mafaili halisi na kuweka shotikati mahali pake, ili kila utakapobonyeza umwamshe yeye. Linux haifuati maficho ya Windows, na mdudu wa Windows hawezi kufanya kazi ndani yake. Kijana akanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Bwana alikuwa analia waziwazi, nami nikajifanya kutafuta rimoti.

Kilichomtoa kijana jasho hakikuwa taarabu. Ni folda moja iliyoandikwa MUHIMU. Ndani yake: pasipoti ya bibi yake iliyoskaniwa wakati wa safari ya Umra, vitambulisho vya NIDA vya nyumba nzima, TIN, hati ya kiwanja, na faili la maneno ya siri lililoitwa MANENO YA SIRI. "Mjomba," akasema polepole, "huyu mdudu wa leo ni mpumbavu, anaficha tu. Angekuwa wa kuiba, asubuhi hii mngekuwa wote mnauzwa." Bwana akauliza nani atamnunua mtu wa umri wake. Akaelezwa kuhusu wanaochukua namba ya NIDA na picha ya kitambulisho, wakakopea na kufungulia akaunti kwa jina lako. Akanyamaza. Folda ikatoka siku hiyo, na nakala zake sasa ziko kwenye diski iliyofungwa kabatini.

Kikao cha familia kilikaa baada ya harusi. Shemeji yetu wa Muheza, mwenye kompyuta mpakato ya Windows 10, akatucheka na kusema tupande daraja kama yeye. Kijana akamjulisha kwamba ya kwake nayo ilimaliza muda tarehe 14 Oktoba 2025, na asipojiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja atakuwa nasi benchi moja. Windows 11 je? Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni; Dell yetu ingeombwa ikapumzike. Linux je? Mama mkwe akaitwa aonje karata zake, maana kila baada ya Isha hucheza Solitaire. Akazichanganya, akazitazama, akasema, "Hizi si zangu."

Basi Windows 7 ikapigwa upya na kubaki, lakini kwa masharti. Intaneti haina tena; modemu kijana ameondoka nayo Dar. Barua pepe na mambo ya pesa yako kwenye simu. Bwana sasa ni mtumiaji wa kawaida ndani ya mashine yake mwenyewe, hawezi kusakinisha kitu bila neno la siri la msimamizi, nalo amepewa mama mkwe, kwa kuwa ndiye pekee nyumbani asiyetoboa siri. Ameliandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya daftari lake la dawa.

Likabaki suala la wageni. Kijana alitaka flashi yoyote isiguse mashine. Wifi akawaka: yaani kwa kaka yake apekuliwe kama mzigo wa bandarini? Watu wangesema nini? Mimi nilimwelewa, kumnyima mtu nyimbo za harusi mji huu ni kutafuta uadui wa vizazi. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Nyumba itanunua flashi zake mpya, bwana atatia nyimbo mwenyewe, mgeni atapewa iliyokwishajazwa na kulipia bei ya dukani tu. Flashi inatoka, hairudi.

Tukanunua boksi zima. Wifi alichukua ya kwanza, akachukua na ya pili ya mkwewe. Hajalipa.